Kunguru hafugiki, lakini sisi tunamfuga

Wiki hii nilipanga tuzungumzie minyoo ya kuku, lakini imebidi isubiri. Kuna jambo limetokea kwenye kata ninayohudumia, na sehemu ya lawama ni yangu, kwa hiyo bora niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine.

Kijana mmoja wa huku upande wa Bagamoyo, mfugaji mzuri tu na mwenye bidii, aliingiza vifaranga 300 wa chotara. Nyumba yake haiko mbali na mahali wanapopaa samaki. Siku 14 za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, vifaranga wako ndani, taa inawaka, vifo vichache sana. Siku ya 15 akawatoa nje wapate jua. Hapo ndo kunguru wakaanza. Asubuhi wawili, jioni watatu. Akanipigia simu: "Bwana shamba, hawa ndege wananimaliza." Mimi nilikuwa juu ya bodaboda nawahi kikao, nikamjibu kwa haraka: "Hao ni wa kuua tu, hawana kazi." Nikakata simu.

Akafanya nilichosema. Alichukua utumbo wa samaki, akachanganya na dawa ya wadudu iliyobaki kwenye mahindi, akamwaga nyuma ya banda. Kesho yake asubuhi alikuta kunguru 4 wamekufa. Alikuta pia paka wa jirani, mbwa wa jirani mwingine, na tetea 6 wa kwake mwenyewe waliodonoa ule utumbo. Kilichotutisha zaidi, mtoto mdogo wa nyumba ya pili alikutwa amemshika kunguru mmoja kwa bawa, anamburuza kama mdoli. Aliogeshwa haraka, akakimbizwa kituo cha afya, na namshukuru Mungu hakudhurika. Lakini shauri lilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji, faini ikalipwa, na majirani watatu hawasalimiani mpaka leo.

Na kunguru? Wiki moja baadaye walikuwa wamejaa juu ya mwarobaini uleule, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo leo nataka nisahihishe ile sentensi yangu ya kwenye bodaboda. Msimamo wangu ni huu: kunguru hatumshindi kwa hasira ya siku moja. Tunamshinda kwa kuacha kumlisha, kwa kujenga banda linalostahili kuitwa banda, na kwa kuvunja viota vyake kila baada ya wiki 2 bila kuchoka, tena mtaa mzima kwa pamoja. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Ni kweli, hakai bandani. Lakini angalia nani anamlisha, nani anampa miti ya kulala, nani anamwachia vifaranga mlangoni. Sisi. Tunamfuga bila kujua, na faida ya ufugaji huo anaila yeye.

Kwanza, tujue tunamzungumzia nani

Pwani tuna kunguru wa aina mbili, na wengi mnawachanganya. Yupo kunguru mwenyeji, mkubwa kidogo, mweusi mwenye kifua cheupe na kola nyeupe inayozunguka shingo kama amevaa kanzu chini ya koti. Huyo ni wa hapa Afrika tangu zamani. Sisemi ni malaika, kifaranga akizubaa naye atambeba, lakini si yeye anayefunika anga kila jioni.

Anayetumaliza ni yule mwembamba zaidi, mweusi mwenye shingo na kifua cha rangi ya kijivu kama majivu ya mkaa. Huyu kwao ni India, Pakistan, Sri Lanka na nchi za jirani. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili asaidie kula taka za mji. Wazo lilionekana zuri: ndege mmoja, kazi ya wafagiaji mia. Kumbe taka zilikuwa chakula cha kuanzia tu. Alizaliana, akavuka bahari, akashika Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya mwambao, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Popote alipofika alifuata kitu kimoja: binadamu na uchafu wake. Ndege huyu haishi porini mbali na watu. Ukimwona kijijini kwako, jua amefuata kitu mnachokitupa.

Chakula chake ni kila kitu. Mabaki ya wali, utumbo wa samaki, maembe, mahindi machanga, mayai, vifaranga wa kuku, na makinda ya ndege wengine. Wazee wa huku watakwambia kwamba zamani chozi, kwera na shorwe walikuwa wengi uani. Leo uani kwako kunasikika nini? Kelele za kunguru tu. Anaingia kwenye kiota cha mwenzake, anabeba mayai, anabeba makinda, anaondoka. Ndege wadogo hawana mahakama ya kumshtaki.

Hesabu ambayo wengi hamuipigi

Ninyi ni wakulima wa biashara, kwa hiyo tuongee pesa. Tuseme una vifaranga 300. Tuseme kunguru wanakuchukulia wawili tu kwa siku, kuanzia siku ya 15 mpaka siku ya 45. Wawili mara siku 30 ni vifaranga 60. Hiyo ni asilimia 20 ya kundi lako. Kama kuku wa wiki 6 unamuuza, tuseme, shilingi 6,000, umepoteza 360,000. Na sijahesabu chakula cha kuanzia alichokula yule kifaranga kabla hajachukuliwa, mkaa wa kumpa joto, wala chanjo za mdondo na gumboro ulizompa. Kifaranga anayekufa siku ya 30 anauma kuliko anayekufa siku ya 2, kwa sababu ameshakula mtaji.

Sasa nenda duka la vifaa vya ujenzi mjini kwenu, uliza bei ya wavu wa kutosha kufunika eneo la kutembelea vifaranga 300. Weka hizo namba mbili pembeni, utazame ipi kubwa. Nimelifanya zoezi hili na vijana kadhaa, na mara nyingi kijana mwenyewe ndiye anayenyamaza kwanza. Tatizo ni kwamba hasara ya kunguru inaingia kidogokidogo, wawili leo, mmoja kesho, haionekani kwenye daftari. Wavu unalipiwa siku moja, ndiyo maana unauma.

Kwa nini manati na sumu havisaidii

Manati kwanza. Kunguru ni ndege mwenye akili sana. Anakumbuka sura ya mtu aliyemsumbua, na akikuona tu anapiga kelele kuwaita wenzake. Nimewahi kwenda kwenye shamba ambalo kunguru walitulia kabisa mimi nikiwepo, lakini kijana wa manati alipotokea tu mlangoni, wote wakaruka kabla hajainama kuokota jiwe. Aliponyoosha mikono mitupu wakatua tena, nje ya mwendo wa jiwe. Hapo nani anamwinda nani?

Vinyago vya kutishia, kaseti kuukuu, mifuko ya plastiki inayopepea, kunguru aliyekufa kutundikwa juu ya mti: vinasaidia siku chache, kisha wanazoea. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau au nyekundu ili kunguru wawaogope. Nayo nimeiona ikifanya kazi kidogo, lakini kunguru mmoja mwenye njaa akijaribu na kugundua kwamba kifaranga wa zambarau ana nyama ileile, mchezo umeisha.

Sumu ndo usiiguse kabisa. Sisemi hivyo kwa sababu ya kuwahurumia kunguru. Dawa ya wadudu ya shambani haichagui. Anaila paka, anaila mbwa, anaila kuku wako, na bundi au mwewe akila mzoga naye anakufa. Bundi mmoja anakula panya wengi kwenye ghala lako bila kukudai mshahara, halafu wewe unamuua kwa ajili ya kunguru wanne. Na mtoto je? Nimeshasimulia. Usilirudie kosa ambalo mimi nimelichangia.

Ipo sumu maalumu ya ndege hawa, ambayo hutumiwa na wataalamu wenye kibali, kwa utaratibu wa kuwazoesha kwanza chambo safi mahali pamoja. Kenya walitangaza mwaka 2024, kupitia shirika lao la wanyamapori, KWS, mpango wa kuondoa kunguru milioni 1 kwa njia hiyo. Hiyo ni kazi ya serikali na wataalamu. Si ya chupa iliyobaki stoo.

Na hata kazi ya wataalamu ina somo lake. Zanzibar walifanya kampeni kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitego na sumu, na idadi ya kunguru ilishuka sana. Fedha za mradi zilipokwisha, kazi ikasimama, na kunguru wakarudi. Hawakurudi kwa sababu mbinu ilikuwa mbaya. Walirudi kwa sababu chakula kilikuwa kinawasubiri palepale jalalani. Ukiua kunguru ukaacha taka, umefungua nafasi za kazi kwa kunguru wengine.

Wenye nyumba na wapangaji wao

Nataka niwapeleke Marekani kidogo kisha tutarudi nyumbani, maana kule kuna watu ambao wana vita inayofanana na yetu na wameipigana kwa miaka mingi.

Kule yupo ndege wa jamii ya mbayuwayu, mkubwa kuliko mbayuwayu wetu, dume lake linang'aa rangi ya zambarau iliyoiva. Mbayuwayu huyu wa zambarau huenda Amerika ya Kusini wakati wa baridi na kurudi Kaskazini kuzaliana. Tangu zamani wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wanatundika vibuyu vitupu juu ya miti mirefu ili ndege hawa wajenge humo. Ndiyo, vibuyu, kama hivi vyetu vya kuchotea maji. Mazoea hayo yaliendelea mpaka leo, kiasi kwamba upande wote wa mashariki wa Marekani ndege hawa wanazaliana karibu wote kwenye vibuyu na nyumba ndogo zilizowekwa na watu. Mashimo ya miti hawayatumii tena. Wamemtegemea binadamu moja kwa moja.

Halafu akaletwa mgeni. Miaka ya 1850 shomoro wa nyumbani kutoka Ulaya waliachiwa Brooklyn, New York, na baadaye sehemu nyingine. Ni shomoro huyuhuyu ambaye hata pwani yetu utamwona akidonoa chenga za mchele chini ya meza za mama lishe. Shomoro haendi Amerika ya Kusini wakati wa baridi. Anabaki. Mbayuwayu anaporudi na uchovu wa safari anakuta chumba kimeshapangwa na kujazwa majani makavu. Akilazimisha kuingia, shomoro anamvizia, anatoboa mayai yake, na kuua makinda.

Wale wanaotunza ndege hawa wanajiita wenye nyumba. Ndege ndio wapangaji. Na wanasema wazi: kama huna muda wa kuwalinda, usitundike kibuyu, kwa sababu utakuwa umewaita wageni kwenye mtego. Mwenye nyumba makini anateremsha vibuyu vyake kwa kamba na kapi, kama bendera, karibu kila wiki. Anakagua chumba kimoja kimoja. Kiota cha shomoro anakitoa. Tena wamejifunza kwamba kutoa kiota peke yake hakutoshi, maana dume la shomoro linang'ang'ania lile tundu na kujenga upya, kwa hiyo wanaweka mtego wa kumnasa lile dume lenyewe. Sheria ya kwao ya mwaka 1918 inawalinda ndege wenyeji wanaohama, lakini shomoro wa kuletwa haimlindi, ndiyo maana wanaruhusiwa. Na kwa sababu sheria inatofautisha, mwenye nyumba lazima ajue kumtofautisha shomoro wa kuletwa na ndege wenyeji wanaofanana naye. Akikosea, ameua asiyehusika.

Nimewasimulia yote haya kwa sababu ya neno moja: mkataba. Ukimjengea kiumbe nyumba, akakutegemea, umeingia naye mkataba. Kuku wako ni mpangaji wako. Anakulipa kodi ya mayai na nyama. Wewe kazi yako ni paa, mlango na ulinzi. Tofauti ya mwenye nyumba wa kule na wengi wetu ni kwamba yeye anakagua kila wiki hata kama hajaona tatizo. Sisi tunakumbuka banda baada ya kusikia kelele.

Sasa tufanye nini

Moja, funga sahani ya kunguru. Anza na taka zako mwenyewe. Kuku aliyekufa asitupwe kichakani wala jalalani. Chimba shimo refu, tumbukiza, mwagia chokaa au majivu, weka mfuniko mzito. Utumbo wa kuku mliochinja na maganda ya mayai yaende humohumo. Mabaki ya chakula weka kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha yaingie kwenye mboji na ufunike kwa udongo au majani. Vyombo vya chakula cha kuku viwe ndani ya banda, si nje. Nje ukimwaga pumba umewaandikia barua ya mwaliko, na wakimaliza pumba watatazama pembeni, wataona vifaranga.

Mbili, banda. Vifaranga wakae ndani au chini ya wavu mpaka wafike wiki 6 hadi 8, siyo siku 15. Kwa banda la vifaranga tumia wavu wa tundu ndogo, nusu inchi, maana utazuia pia panya na nyoka. Sehemu ya kutembelea nje ifunikwe juu. Nasema juu, kwa sababu nimeona vijana wamezungushia wavu mzuri wa gharama pembeni na juu wameacha wazi, kana kwamba kunguru ataingia kwa miguu. Huku pwani tuna bahati: nyavu chakavu za wavuvi zinapatikana kwa bei ndogo, wakati mwingine bure ukiomba vizuri. Zivute zikaze, zisining'inie, ndege na kuku wasije wakanasa. Paa hilo litakukinga na mwewe pia, kwa hiyo umelipa mara moja kwa wezi wawili.

Kama una kuku wa kienyeji anayezurura na vifaranga wake, rudi kwa bibi zetu: tenga. Mama na vifaranga wiki za mwanzo wafunikwe kwa tenga lenye jiwe juu, wapewe maji na chakula humo. Ni teknolojia ya zamani na haijachuja. Na mayai yaokotwe mara 2 au 3 kwa siku, yasilale kwenye viota wazi.

Tatu, viota. Hapa ndipo wale wenye nyumba wa Marekani wanatushinda. Kunguru akianza kubeba vijiti na vipande vya waya, jua msimu umeanza. Angalia mwembe, mwarobaini, mkungu, na minara. Mayai ya kunguru huyu huanguliwa baada ya siku 16 au 17. Kwa hiyo ukikagua na kuangusha viota kila baada ya siku 14, hakuna yai litakalofika siku ya kuanguliwa. Hesabu rahisi. Atajenga tena? Ndiyo, atajenga. Utaangusha tena. Kazi hii ni kama palizi, haiishi kwa jembe la kwanza. Tumia mti mrefu wenye ndoano, usipande matawi membamba, na kiota kilicho kwenye nguzo ya umeme usikiguse, toa taarifa kwa wenye umeme. Vaa kofia, maana watakushambulia kichwani. Na kabla hujaangusha, hakikisha ndege anayeingia hapo ana shingo ya kijivu. Kola nyeupe, mwache.

Nne, mtego. Upo mtego wa kizimba, wa mbao na wavu, unaotosha mtu kuingia akiwa amesimama. Juu yake kuna tundu lililo kama faneli, pana juu na jembamba chini. Kunguru anakunja mbawa, anadondoka ndani kufuata chakula, lakini akitaka kutoka analazimika kufungua mbawa na hapiti. Ndani unaacha kunguru wachache wa kuwavutia wenzao, na hao lazima wapate maji, chakula na kivuli. Kukamata siyo leseni ya kutesa. Mtego ukaguliwe kila siku, ndege mwingine yeyote aachiwe, na kunguru waondolewe jioni au alfajiri kabla wenzao hawajaona, wauawe kwa haraka na anayejua kazi. Wakiona wenzao wanauawa humo, mtego wako utageuka pambo. Kabla ya kujenga, pita kwa mtendaji na ofisi ya halmashauri inayohusika na wanyamapori, upate maelekezo. Usifanye kimyakimya.

Tano, na hii ndo ngumu kuliko zote: majirani. Wewe ukifunga taka zako na jirani akamwaga utumbo wa samaki mita 50 kutoka kwako, hujafanya kitu. Mtego mmoja unahudumia mtaa mzima, kwa hiyo changieni. Siku ya kukagua viota iwe siku moja kwa kitongoji kizima. Wapaa samaki wapewe pipa lenye mfuniko na mtu wa kulimwaga. Vikundi vya vijana vya kuku mnavyo, vya kukopeshana mnavyo. Ongezeni ajenda moja kwenye kikao.

Najua mtanijibu nini

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali. Nakubali nusu. Sumu ya kitaalamu, majalala ya mji na machinjio ni kazi ya serikali, na sisi maofisa tunapaswa kuulizwa kwa nini jalala liko wazi. Mimi mwenyewe nimeandika barua mbili kuhusu dampo moja na bado sijachoka kuuliza. Lakini serikali haitakuja kufunika banda lako kwa wavu, wala haitaokota tetea aliyekufa nyuma ya choo chako.

Wapo watakaosema kunguru naye ni kiumbe wa Mungu, tumwache. Nawaheshimu sana wanaosema hivyo. Mimi pia sifurahii kumuua ndege, na ndiyo maana hatua tatu za kwanza nilizozitaja haziui kunguru mkubwa hata mmoja. Lakini chozi na kwera nao ni viumbe wa Mungu, na huyu hakuletwa hapa na Mungu. Aliletwa kwa meli, kwa uamuzi wa watu, wa kufagia taka ambazo watu wenyewe hawakutaka kufagia. Deni hilo tumelirithi, hatuwezi kulikana.

Na wapo watakaosema wavu ni ghali. Hao nawarudisha kwenye zile namba mbili.

Yule kijana nilimtembelea tena. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, maana nilimjibu simu ya dakika moja kwa tatizo la miezi. Tulichimba shimo la mizoga pamoja. Amepata nyavu chakavu kwa wavuvi, amefunika nusu ya eneo, nusu nyingine anasubiri auze jogoo. Safari hii ameingiza vifaranga 150 badala ya 300, na nilimwambia amefanya vizuri: bora 150 walio chini ya paa kuliko 300 walio mezani kwa kunguru. Kilichobaki ni wale majirani watatu. Jumamosi tunakwenda kwao wote wawili, yeye na mimi, na trei la mayai mkononi.

Wewe unayesoma, toka nje sasa hivi uangalie nyuma ya banda lako. Ukikuta utumbo, mzoga au pumba iliyomwagika, umeshamwona mfugaji wa kunguru. Anza hapo. Tukutane shambani.